Ugo na Uwanja

Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, ukuta uliotutenganisha na jirani yetu pale Mbugangari, mjini Gisenyi, ulianguka. Lava haikufika kwetu. Ilikomea ukingoni mwa Goma, ng'ambo ya mpaka. Kilichotufikia ni matetemeko, usiku na mchana, na nyufa zilizopasua barabara na kuta za Gisenyi. Ukuta wetu ulijengwa kwa makoro, yale mawe meusi yenye matundu ambayo mlima wenyewe uliyatapika zamani, na asubuhi ile yalilala chini kana kwamba hayajawahi kupangwa na mkono wa mtu. Hakuna aliyethubutu kulala chini ya paa. Tulitoa mikeka na magodoro nje, jirani naye akatoa ya kwake, na kwa kuwa ukuta haukuwapo, tukajikuta tumelala katika uwanja mmoja: sisi Wakatoliki wa rozari ya bibi, na wao Waislamu ambao babu zao walifika hapa enzi za Wajerumani. Alfajiri yule jirani, haji, alisimama kuswali. Mama alikuwa bado kwenye matendo ya uchungu. Hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti.

Miezi iliyofuata, tulipoanza kuokota mawe, fundi aliuliza ukuta urudi palepale au usogee, na uwe na kimo gani. Baba na haji walitazamana. Lilikuwa swali la fundi, nami tangu siku hiyo nimelibeba katika umbo jingine: imani inahitaji ardhi kiasi gani?

Mtaa wetu umebeba swali hilo katika jina lake. Kwa Kinyarwanda imbuga ni uwanja ulio wazi mbele ya nyumba: hapo maharage huanikwa, hapo ugomvi huamuliwa, hapo mgeni husimama kabla hajakaribishwa ndani. Ngari ni pana. Masikio ya Mnyarwanda yanaposikia Mbugangari husikia uwanja mpana, na ya Mswahili husikia mbuga, ambayo nayo ni mahali pasipo uzio. Kinyume cha imbuga ni urugo, ugo unaozunguka boma, wenye mlango mmoja uitwao irembo. Kaya ya zamani ilihitaji vyote viwili. Nitayatumia maneno haya mawili, ugo na uwanja, kwa sababu sijapata mengine yanayolibeba vizuri zaidi jambo ninalotaka kusema.

Na uwanja wetu kweli ni mpana. Ijumaa mchana wenye maduka Waislamu hufunga na kwenda msikitini. Jumamosi Waadventista hawauzi kitu. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki, Wapentekoste na wengineo. Wakati huohuo maelfu ya watu, wengi wao wanawake wenye beseni za nyanya, ndizi na maziwa, wanavuka kwenda na kurudi Goma. Hakuna siku ambayo mtaa wote unapumzika pamoja.

Mtu wa Massachusetts ya mwaka 1635, koloni la Waingereza kule Amerika, angeliona hilo kuwa balaa. Septemba ya mwaka huo, Baraza Kuu la koloni lile liliamuru kwamba katika vijiji vipya mtu asijenge nyumba umbali unaozidi nusu maili kutoka jumba la ibada. Nusu maili ni kama mita 800. Nimejaribu kuzipima mita hizo kwa miguu kutoka mlangoni kwetu, nikipita njia ya sokoni, na kabla sijazimaliza nilikuwa nimepita nyumba za ibada ambazo waumini wake hawakubaliani juu ya siku, wala juu ya nabii, wala juu ya maji ya ubatizo. Watunga amri ile walitaka kijiji chenye kitovu kimoja. Walihofia kushambuliwa, na walihofia zaidi kwamba anayekaa mbali na sikio la mhubiri ataanza kuishi kama asiye na Mungu. Amri haikudumu, maana ardhi ilikuwa nyingi na wakulima walitaka kusambaa. Lakini inaonyesha vizuri jinsi watu wale walivyofikiri: wokovu una kipenyo, na kipenyo kinaweza kupimwa kwa hatua.

Sitaki kuwahukumu haraka. Waliotangulia, wale wa Plymouth waliosafiri na meli ya Mayflower mwaka 1620, walikuwa abiria 102, na karibu nusu yao walikufa kabla ya baridi ya kwanza kwisha. Miaka 10 baadaye John Winthrop alipoongoza meli 11 kwenda Massachusetts Bay, aliwahutubia wenzake kwamba hawataokoka huko wasipofungamana kama viungo vya mwili mmoja, mwenye ziada akimpunguzia mwenye upungufu, wakilia na kufurahi pamoja. Kila mtu wa milima yetu anaelewa. Ndicho tulichokiita ubudehe, kulima shamba la mwenzio kwa zamu. Katika baridi na njaa, agano mbele ya Mungu hugeuka mkate na kuni. Anayedhani kijiji kinaweza kusimama kwa mikataba ya biashara peke yake hajawahi kulala nje wakati ardhi inatikisika.

Basi Winthrop alikuwa na hoja. Ubaya uliingia kwa njia mbili, na zote mbili tunazijua huku kwetu. Ya kwanza ni upofu.

Bugoyi, nchi hii ya kaskazini-magharibi, ilikuwa na desturi ya ubukonde. Aliyefyeka msitu wa kwanza aliitwa umukonde, na ardhi aliyoifungua ikawa ya ukoo wake. Aliyekuja baadaye akiomba mahali pa kulima aliitwa umugererwa. Alipewa shamba, akajenga, akazaa, lakini alipaswa kumpelekea mwenye msitu pombe na siku za kazi, kukiri kwamba anakaa kwa hisani. Babu yangu mzaa baba alikuwa umugererwa. Alikufa ana wajukuu kumi na sita na bado akitajwa kama mtu wa kuja.

Ubukonde una haki ndani yake, haki ya jasho. Una upofu wake pia: umukonde huona pori kila mahali ambapo hakusikia shoka la mtu wa aina yake. Msitu ule haukuwa mtupu. Batwa waliishi humo, wakiwinda na kukusanya asali, wakizijua njia zote. Hoja ya Winthrop juu ya ardhi ya Wahindi Wekundu inafanana na hii hadi inatisha. Watu wale, alidai, hawajaizungushia ardhi ugo, hawana mifugo ya kuiboresha, kwa hiyo haki yao ni ya asili tu. Wakiachiwa ya kuwatosha, iliyobaki ni halali kuchukuliwa. Na Plymouth yenyewe ilijengwa juu ya Patuxet, kijiji ambacho watu wake walikuwa wamefagiwa na maradhi kati ya 1616 na 1619. Tisquantum, mwenyeji wa Patuxet aliyekuwa ametekwa na kupelekwa Ulaya, alirudi akakuta nyumbani kwao pamekuwa kaburi, na ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi. Wageni walipoyaona mashamba yaliyokwisha kufyekwa bila wenyewe, walimshukuru Mungu kwa kuwaandalia mahali.

Upofu wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa imani ndiyo inayouleta: kuona nchi ambayo Mungu hajafika. Kutoka Mbugangari, mawingu yakifunguka, tunaona Nyiragongo na upande wa pili Karisimbi. Wazee wa kubandwa, ibada ya zamani ya Ryangombe, walisema Ryangombe na wafuasi wake wanakaa Karisimbi kwa raha, na wale ambao hawakuingizwa katika ibada yake huungua Nyiragongo. Ilikuwa dini yenye jiografia kamili, pepo na moto vikionekana kwa macho. Aliingizwa Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipopanda kilima cha Nyundo mwaka 1901, kilomita chache kutoka hapa, waliitazama milima hiyohiyo. Waliona nchi isiyolimwa. Simlaumu mtu kwa kuamini kwamba amebeba neno la kweli. Mimi mwenyewe nimebatizwa katika neno hilo na sina nia ya kulitoka. Ninachokataa ni kwamba kuwa na mbegu njema kunathibitisha shamba halina mwenyewe.

Njia ya pili ya ubaya ni mgeni wa pili. Mwanzilishi wa kijiji cha imani hujulikana vizuri pale anapotokea mtu mwingine kwenye irembo, mwenye imani iliyo jirani na yake lakini si yake. Massachusetts, mtu huyo aliitwa Roger Williams. Alifika mwaka 1631, mhubiri kijana anayependwa, na mara akaanza kusema mambo mawili. Kwanza, mfalme wa Uingereza hawezi kugawa ardhi ambayo si yake. Inunuliwe kwa wenyewe. Pili, hakimu wa serikali hana mamlaka juu ya yale yaliyo kati ya mtu na Mungu, hata kuabudu sanamu, hata kuvunja sabato. Oktoba 1635, wiki chache tu baada ya amri ya nusu maili, mahakama iliamuru afukuzwe. Nadhani kukaribiana kwa tarehe hizo kunasema mengi: ndani ya vuli moja, watu walewale waliamua nani akae karibu na nani asikae kabisa. Williams aliondoka Januari katika theluji, akahifadhiwa na Wawampanoag, na mwaka 1636 wakuu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, wakampa mahali alipopaita Providence. Mwaka 1637 Anne Hutchinson alihukumiwa kufukuzwa pia, kwa kuwafundisha watu nyumbani kwake yale ambayo wachungaji hawakuyataka. Mwaka 1660 Mary Dyer, aliyekuwa Mkweka, alinyongwa Boston kwa kosa la kurudi.

Wengi husema: tazama unafiki, waliokimbia mateso wakawa watesi. Mimi sioni unafiki hapo, na kukosea katika hili kunatunyima funzo. Wapuritani, kama watu hao wa Massachusetts walivyoitwa, hawakuahidi uhuru wa wote. Kuna anayekimbia kwa kuwa amezuiwa kuabudu, na kuna anayekimbia kwa kuwa amelazimika kuishi miongoni mwa waabuduo vibaya. Wa kwanza anakimbilia uhuru. Wa pili anakimbilia usafi. Safarini huwezi kuwatofautisha, wote wana mzigo mgongoni na watoto wanaolia. Wakifika, wa kwanza huuliza maji yako wapi, wa pili huuliza mpaka uko wapi. Mara nyingi wote wawili wamo ndani ya mtu mmoja, na ni mgeni wa pili anayeonyesha yupi ameshinda.

Williams mwenyewe alikuwa mkimbizi wa usafi kuliko wote. Alifikia kutilia shaka kama kuna kanisa lolote la kweli duniani. Hata hivyo, ndiye aliyeiona njia. Alizungumzia ugo kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia, na akaonya kwamba watu wakitoboa ugo huo, bustani nayo hugeuka nyika. Alikuwa akililinda kanisa. Hakimu akiingia bustanini na rungu lake, hata kwa kuipenda, atakanyaga miche. Kwa maneno ya nyumbani kwetu ningesema hivi: ugo wa sala na uwe mdogo, umzunguke anayesali; uwanja ubaki uwanja. Kila dini ina haki ya ugo, na hakuna dini yenye haki juu ya imbuga.

Jambo jingine ninalompendea ni kwamba alijifunza lugha. Mwaka 1643 alichapisha London kitabu juu ya lugha ya Wanarragansett, chenye salamu, majina ya vyakula, jinsi ya kuuliza njia na bei. Anayetaka kuhubiri tu hujifunza jina la Mungu na jina la dhambi. Anayetaka kuishi uwanjani hujifunza kuuliza bei ya mahindi na hali ya watoto. Gisenyi lugha hiyo ni Kiswahili. Kilifika na wafanyabiashara na askari, katika siku ambazo Wajerumani waliuandika mji huu Kissenji, na ingawa wengi wa wasemaji wake wa kwanza hapa walikuwa Waislamu, hakikufungiwa ndani ya ugo wa mtu. Mama anayejua sala zake zote kwa Kinyarwanda hapangi bei ya samaki ila kwa Kiswahili.

Lakini kwetu walioshinda hawakuwa wa uwanja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Huko Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, ndoto hiyo ilipata hata askari wake, Léopold Joubert, aliyekuwa amepigania nchi ya Papa kule Italia kabla ya kuja kulinda kijiji cha misheni kwa bunduki. Kwetu ilikuja kwa upole zaidi. Februari 1900 Askofu Hirth alifika Nyanza kwenye makazi ya Mwami Musinga, na wakubwa wa ikulu wakawapa wageni mahali pa kukaa, penye umbali wa kutosha na ikulu: Save, kisha Zaza, kisha Nyundo. Walijua maana ya kumweka mgeni uwanjani. Misheni zikajengwa juu ya vilima, zikionekana toka mbali, sawa na ule mji juu ya mlima wa Injili ya Mathayo ambao Winthrop aliwaahidi wenzake. Musinga alikataa ubatizo hadi mwisho. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa kwenye kiti, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na watu wakamiminika kwenye ubatizo hata wakasema irivuze umwami, mfalme amelinena. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Mwaka 1946 aliiweka Rwanda yote wakfu kwa Kristo Mfalme.

Nchi nzima ndani ya ugo mmoja! Winthrop hakuwahi kufikia hapo. Shule ikawa ya kanisa, cheo kikapitia kanisani, na kisichokuwa cha kanisa kikawa cha pembeni. Kulikuwa na macho yaliyotazama nje ya ugo hata wakati huo. Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 kuliongoza kanisa la Nyundo, askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji, alitumia miaka mingi kukusanya mila, methali na ibada za Wanyarwanda, hizo ambazo waliomtangulia waliziita giza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka kwamba shamba lilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa sauti ya wachache.

Waliobaki nje kabisa walikuwa Waswahili. Neno hilo, hapa Rwanda, halikumaanisha kabila. Lilimaanisha Mwislamu wa mjini, mtu wa biashara, asiye na kilima. Utawala wa kikoloni uliwatengea mitaa yao, kambi za Waswahili, na kuwawekea masharti ya kutoka na kuingia. Watoto wao walikaribishwa shuleni kwa bei ya kubatizwa, na wengi hawakwenda. Mpaka leo kumwita mtu Umuswahili, kwa sauti fulani, ni kumwita mjanja asiyeaminika. Haji alinieleza kwamba baba yake alikuwa haongei Kiswahili mbele ya karani wa serikali, ili asijulikane. Nilikuwa nimekaa kwenye lile rundo la mawe ya ukuta wetu nikimsikiliza, na nikahesabu miaka ambayo tumekuwa majirani: thelathini na saba. Hakuwahi kulitaja jambo hilo kabla ukuta haujaanguka.

Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ulikuja na kuonyesha ugo ule ulikuwa wa nini. Sitaandika mengi hapa; mahali pake si katika insha. Taifa lililokuwa karibu lote limebatizwa liliua watu wake, na mara nyingi liliwaua makanisani, walikokimbilia kwa kuamini kwamba ugo wa Mungu hautavukwa. Nyundo nako watu walikimbilia, na Nyundo nako waliuawa. Ugo uliopanuliwa hadi kuzunguka nchi nzima haukuwa umebaki na ukuta wowote wa kumkinga mtu mmoja. Unapokuwa wa wote, mwenye panga na anayekimbia panga wote wako ndani yake, na wote wanajua nyimbo zilezile. Waislamu wengi, kwa upande wao, walificha majirani zao, hasa katika mitaa kama Biryogo kule Kigali, ile ambayo ukoloni uliijenga kama kambi ya kutenga watu. Nasema wengi. Si wote, na Waislamu wenyewe hawadai vinginevyo. Sidhani Kurani iliwazuia mahali Injili iliposhindwa. Nadhani waliokaa miaka 80 nje ya ugo walikuwa wamezoea kuwa majirani bila kuamriwa na mtu yeyote kwenye mimbari.

Lakini hoja yangu ingekuwa nyepesi mno kama ningeishia hapo, kwa sababu katika mji huuhuu wa Gisenyi aliishi Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mkatoliki, Mhutu, mwanamke aliyejiweka wakfu, akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Aliwapokea Watutsi waliokimbilia kwake, akawasaidia wengine kuvuka usiku kwenda Goma. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi na alitaka kumwokoa yeye peke yake. Alikataa kuwaacha watu wake. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao pale Commune Rouge. Leo taifa linamtaja kati ya mashujaa wake wa daraja la Imena.

Nimemfikiria Félicité kwa miaka mingi, maana anaikataa nusu ya falsafa yangu. Hakuwa mtu wa uwanja. Alikuwa wa ndani kabisa ya ugo, aliyefunga maisha yake kwa nadhiri. Nguvu aliyoipata usiku ule hakuipata sokoni. Basi ugo una kazi yake, na yule anayetaka kuubomoa kwa jina la ujirani mwema atambomoa na Félicité. Bustani ndogo yenye miche iliyotunzwa ndiyo iliyozaa tunda lile. Tofauti ni irembo. Kwake ugo ulikuwa mahali pa kutokea kwenda kwa mtu, na pa kumwingiza mtu bila kumuuliza jina la Mungu wake. Williams aliutaka ugo ili dunia isiingie bustanini. Félicité alionyesha kwamba bustani inaweza kufunguliwa kwa anayewindwa na ikabaki bustani.

Uwanja nao usitukuzwe kupita kiasi. Providence, mji wa uhuru wa dhamiri, uliteketezwa mwaka 1676 katika vita kati ya walowezi na wenyeji, na Wanarragansett waliokuwa wamempa Williams ardhi walikuwa miongoni mwa waliouchoma. Baada ya vita, mateka wa kienyeji waliuzwa kwenye utumwa wa miaka mingi, na Williams, mzee sasa, alikuwa katika kamati iliyosimamia mauzo hayo. Inaniuma kuliandika. Mtu aliyejua salamu zao zote! Alikuwa ameulinda uwanja dhidi ya hakimu wa dini na hakuulinda dhidi ya tamaa ya ardhi. Uwanja usio na mwenyewe humwangukia mwenye nguvu, kama vile soko la mpakani lisilo na utaratibu huwaangukia wenye mitaji na kuwakandamiza akina mama wa beseni. Kwa hiyo lazima awepo wa kuusimamia, na kwetu ni serikali.

Hapo napo kuna mizani. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini iliweka masharti juu ya majengo, usalama wa waumini na elimu ya viongozi, na nyumba nyingi za ibada zimefungwa kwa kutoyatimiza, za mtaani kwetu zikiwamo. Kuhusu paa linaloweza kuangukia watu na kipaza sauti kinachomnyima mgonjwa usingizi, naikubali. Hayo ni mambo ya uwanja. Kuhusu nani amesoma vya kutosha kumsemea Mungu, nasita. Mitume walikuwa wavuvi. Msimamizi wa uwanja anapoanza kupima kilichomo moyoni mwa mhubiri, ametoboa ugo kutoka upande wa pili, na onyo la Williams linamhusu sawasawa na lilivyowahusu wachungaji wa Boston. Upo pia mfano mwema: umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo Waadventista hupangiwa siku nyingine ya kufanya kazi ileile. Mfereji unachimbwa, sabato inatunzwa.

Ukuta wetu tuliujenga upya. Baba na haji walikubaliana urudi palepale, kimo cha kifua, na katikati waliacha nafasi ya mtu mmoja kupita, bila mlango. Haji alifariki mwaka uliofuata. Tulilibeba jeneza lake hadi makaburini, tukasimama nyuma wakati wa swala kwa kuwa hapo palikuwa ndani ya ugo wao.

Mapema mwaka 2025, vita vilipofika Goma na makombora kuanguka upande wetu, familia moja kutoka Masisi, Kongo, ilipanga nyumba iliyo nyuma ya ile ya haji. Ni waumini wa kanisa ambalo sijawahi kulisikia, wanasali usiku, kwa sauti, wakilia. Wiki ya kwanza kijana wao mkubwa alikuja akasimama uwanjani kwetu, hakuingia, akasubiri mpaka aonekane. Alitaka kujua mpaka wa kiwanja unapita wapi. Nilimwonyesha jiwe. Kisha, kabla hajauliza, nikamwonyesha bomba la maji, na ile nafasi kwenye ukuta.